Fangasi wa ndani ya mwili kwa mtu mwenye afya yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja fangasi, watu wengi wanafikiria mapunye ya watoto, miguu inayowasha ndani ya viatu vya mpira, au muwasho wa sehemu za siri. Ukurasa huu hauhusu hayo. Unahusu fangasi wachache wanaopenya chini ya ngozi au wanaoingia kwa pumzi, kisha wakakaa kwenye nyama, mfupa, mapafu au ubongo wa mtu ambaye hana VVU, hana kisukari na hajawahi kutumia dawa za saratani. Ni magonjwa ya nadra. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni vile vinyama vinavyokatwa na madaktari na kuletwa kwenye vichupa, na maswali haya nimeyakusanya kwa wazazi kwenye korido, kwa wanafunzi, na kwa ndugu wanaopiga simu usiku. Sijamwona mgonjwa wako. Aliyemshika kwa mikono yake ndiye wa kusikilizwa kwanza.

Fangasi wa ndani si huwapata watu wenye kinga iliyoshuka tu?

Mara nyingi, ndiyo. Homa ya uti wa mgongo ya fangasi tunayoiona wodini, kwa sehemu kubwa, inakwenda na VVU. Lakini wapo fangasi ambao hawasubiri kinga ishuke. Mwaka 1999 katika kisiwa cha Vancouver, Kanada, fangasi aitwaye *Cryptococcus gattii* alianza kuwaugonjesha watu wengi wao wakiwa hawana tatizo la kinga linalojulikana. Aliwapata pia mbwa na paka, na hata pomboo wa baharini. Kule California na Arizona kuna fangasi wa udongo mkavu, *Coccidioides*, anayepeperushwa na vumbi na kuwaangusha wakulima, mafundi ujenzi na askari waliokuwa wazima kabisa.

Kitu kinachoamua hapa ni kiasi ulichokutana nacho na mahali kilipoingilia. Mwiba uliozama mguuni unapeleka udongo pale ambapo udongo hautakiwi kufika. Pumzi moja ndani ya pango la popo inaweza kubeba mzigo ambao mtu wa kawaida hakutani nao miaka yote.

Huku kwetu ni wapi hao wa kujua?

Kwa Afrika Mashariki na Kongo ningewataja wanne: *Basidiobolus*, anayewapata hasa watoto, fangasi wa mguu wa Madura (uvimbe wa mguu unaoanza kwa mwiba, nitaueleza chini), *Histoplasma* wa kinyesi cha popo na ndege, na huyo *Cryptococcus gattii*. Wako wengine, kama *Sporothrix* anayeingia kwa mchomo wa kijiti au mbao. Huyu aliwahi kuwapata wachimbaji dhahabu wapatao 3,000 wa Witwatersrand, Afrika Kusini, miaka ya 1940, kwa sababu mbao zilizoshikilia mashimo zilikuwa zimeota fangasi. Zilipowekwa dawa, ugonjwa ukaisha. Nautaja kwa sababu ni mfano wa nadra ambao tiba kubwa ilikuwa kutibu mbao.

Mtoto wangu ana uvimbe mgumu pajani. Hauumi, hauna usaha, na unazidi kutanuka. Ni nini?

Unaweza kuwa mambo mengi, na mengi kati ya hayo si fangasi. Ila maelezo hayo, kwa mtoto wa miaka mitatu hadi kumi hivi, ndiyo maelezo ya *Basidiobolus ranarum*, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Uvimbe wake una tabia ya kipekee. Unaanza kama kinundu chini ya ngozi, kwenye paja, tako, kiuno au mkono, halafu unatambaa taratibu kwa wiki na miezi. Ukiugusa ni mgumu kama kipande cha ubao kilichovikwa ngozi. Ukingo wake unashikika: unaweza kuingiza ncha za vidole chini yake ukauinua kidogo, kama unavyoinua ukingo wa sahani iliyofunikwa na kitambaa. Ngozi ya juu inaweza kuwa nyeusi zaidi au kung'aa, lakini kwa kawaida haipasuki. Mtoto anacheza, anakula, mara nyingi hana hata homa. Hapo ndipo familia inapochelewa, maana nani atampeleka hospitali mtoto anayekimbia uwanjani?

Wagonjwa wa kwanza walielezwa Indonesia mwaka 1956. Uganda haikukaa mbali: mwaka 1964 Denis Burkitt, yule yule ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya ya watoto, aliandika na wenzake kuhusu wagonjwa 31 walioonekana nchini humo. Yaani mtu aliyeufundisha ulimwengu kuitambua saratani ya watoto wa Afrika alikuwa pia akiwaonya madaktari kwamba si kila uvimbe wa mtoto ni saratani. Sehemu hii ya pili ya somo lake, kwa maoni yangu, haikusomwa sana.

Ameupata wapi? Sisi nyumba yetu ni safi.

Hili si suala la uchafu. *Basidiobolus* anaishi kwenye utumbo wa vyura, mijusi na wanyama wengine wa aina hiyo, anatoka na kinyesi chao, na anakaa kwenye udongo na majani yanayooza. Inadhaniwa anaingia kwa mkwaruzo, mchomo wa mwiba au kuumwa na mdudu. Kwa kuwa matako na mapaja yanaathirika sana, watafiti wengine wamehisi kwamba majani ya kujipangusia chooni yanahusika. Ni dhana yenye mantiki, basi. Mzazi asikae akijilaumu kwa mkwaruzo ambao hata mtoto mwenyewe haukumbuki.

Kwa nini hospitali ya kwanza walisema saratani, ya pili TB, na ya tatu ndiyo wakasema fangasi?

Kwa sababu kwa macho na kwa kidole vinafanana, na kwa sababu daktari hufikiria kwanza kile anachokiona kila siku. Uvimbe mgumu wa mtoto: saratani. Matezi ya shingoni na kukohoa: TB. Kichwa kinachouma na homa: malaria, halafu taifodi, halafu malaria tena. Mgonjwa asiye na VVU anafutiwa fangasi kwenye orodha kabla hata orodha haijaandikwa.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo hainyooshewi kidole, nayo iko mezani kwangu. Wakati fulani tuliletewa kichupa kutoka hospitali moja ya mbali. Ndani yake kinyama cha ukubwa wa punje ya karanga kikielea kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na fomu imeandikwa neno moja lenye alama ya kuuliza mbele yake: saratani. Tulikikata, tukakitia rangi, tukakiweka chini ya hadubini. Saratani haikuwepo. Zilikuwepo nyuzi pana zilizofifia, kila uzi umezungukwa na ukingo mwekundu kama mtu aliyeuchora kwa kalamu, na pembeni umati wa zile seli nyeupe zinazojitokeza kwenye mzio na minyoo. Fangasi alikuwa pale pale. Tulichoshindwa ni kumwotesha ili tumjue kwa jina, kwa sababu fomalini huua kila kilicho hai. Mama alilazimika kupanda basi tena na mtoto, akakatwa tena.

Kinyama kingegawanywa mara mbili siku ile ya kwanza, nusu kwenye fomalini na nusu kwenye maji ya chumvi yale ya dripu, safari ya pili isingekuwepo. Maji ya chumvi yako kila wodi.

Kwa hiyo nimwambie daktari nini kabla hajakata?

Muulize kwa adabu: "Daktari, kuna sehemu itakayopelekwa kuoteshwa fangasi na TB, au yote inaingia kwenye fomalini?" Swali hilo moja linatosha. Madaktari wengi hawachukii, na mwingine atakushukuru maana siku ina wagonjwa 60 na akili inachoka. Mweleze pia mambo ambayo fomu haina nafasi yake: kazi unayofanya, kama uliingia pangoni, kama ulichomwa na mwiba hata miaka mitano iliyopita, nchi ulizoishi, na kama umewahi kutumia vidonge vya steroidi, hata vile ulivyopewa na duka la dawa kwa ajili ya pumu au kunenepa.

Wazee wanasema uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Tukatae kukatwa kinyama?

Msikatae. Naelewa hofu inatoka wapi: watu wameona ndugu akikatwa kinyama na baada ya miezi miwili amezikwa. Aliyemwua ni ugonjwa uliokuwa umeshaenda mbali kabla ya kisu. Kwa fangasi hawa, bila kinyama mtoto anaweza kuanzishiwa dawa za saratani asizozihitaji, na dawa hizo zinashusha kinga huku mwenye nyumba akiwa ni fangasi.

Ndugu yangu yuko Saudi Arabia, wamemtoa uvimbe tumboni wakidhani ni saratani ya utumbo, sasa wanasema fangasi. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na ni huyo huyo *Basidiobolus*. Anapofika kwenye utumbo analeta maumivu ya tumbo, homa, kupungua uzito na uvimbe unaofanana mno na saratani. Wagonjwa wa namna hii wameripotiwa zaidi kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, halafu Iran na Arizona. Dalili inayowashtua madaktari waliomzoea ni kipimo cha kawaida cha damu kuonyesha zile seli za mzio zimepanda sana bila minyoo kuonekana. Mwambie asirudi nyumbani akiwa na karatasi ya upasuaji peke yake. Aombe majibu ya maabara yaliyoandikwa jina la fangasi, na dawa aendelee nazo, kwa sababu kisu peke yake mara nyingi hakimalizi kazi.

Kichwa kinaniuma wiki ya tatu, natapika, naona vitu viwili viwili. VVU hasi. Nimeshatibiwa malaria mara mbili.

Acha kusoma, nenda hospitali yenye uwezo wa kuchukua maji ya uti wa mgongo. Leo.

Kwa wanaosoma kwa utulivu: *Cryptococcus gattii* anaingia kwa pumzi, anakaa mapafuni, kisha anapanda kwenye ubongo. Huko Australia aligunduliwa kwenye mikaratusi, na mti huo umepandwa kila mahali kwetu, ingawa hilo si sababu ya kukata mikaratusi ya shule. Jina lake lina mizizi Kongo: mwaka 1970 watafiti Gatti na Eeckels walieleza aina ya ajabu ya kimelea kilichotoka kwenye maji ya uti wa mgongo ya mtoto wa kiume wa Kikongo, na jina la huyo Gatti ndilo linalotumika hadi leo.

Kipimo chenyewe si cha anasa. Kuna kijiti cha antijeni (alama za fangasi mwenyewe) kama kile cha malaria, kinachotumia damu au maji ya uti wa mgongo na kutoa jibu ndani ya dakika kumi. Hospitali nyingi zenye kliniki ya VVU wanacho. Shida ni kwamba kinawekwa kwa ajili ya wagonjwa wa VVU, na mwenye majibu hasi hapewi. Kiombe.

Jambo moja ambalo ndugu hulipinga: kuchomwa mgongo mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mtu anasema mgonjwa ataishiwa maji. Fangasi huyu anaziba njia za maji ya ubongo, presha ndani ya fuvu inapanda, na presha hiyo ndiyo inayopofusha na kuua. Kuyapunguza maji ni tiba, sawa na dawa.

Mguu wa Madura ni nini?

Uvimbe wa mguu unaoanza baada ya mwiba au kijiti, hauumi, unakua kwa miaka, halafu unatoboka vitundu vinavyotoa usaha wenye punje ndogo kama chembe za mchanga. Jina linatokana na Madura ya India, ambako ulielezwa miaka ya 1840. Sudan ndiko unakojulikana zaidi, na Khartoum ilikuwa na kituo maalumu cha utafiti wake tangu 1991. Kwetu unawapata wafugaji wa nchi kavu yenye migunga, watu wanaotembea miguu mitupu au na kandambili. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016.

Rangi ya punje ina maana, kwa hiyo usizifute ukazitupa: zikunje kwenye kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi uende nazo. Punje nyeusi ni fangasi. Nyekundu ni bakteria, nyeupe na njano zinaweza kuwa chochote kati ya hivyo viwili. Tofauti hii ni kubwa sana kwa mgonjwa, kwa sababu ule wa bakteria unatibika vizuri kwa antibayotiki, wakati ule wa fangasi unadai dawa za mwaka au zaidi na upasuaji, na ukichelewa, mguu wenyewe.

Tulienda kutembelea pango lenye popo. Sasa watatu tunakohoa.

Mkiugua pamoja, kati ya siku 3 na 17 baada ya kuingia, mtajeni huyo popo mbele ya daktari kabla ya kitu kingine. *Histoplasma* anaota kwenye kinyesi cha popo na ndege. Mwaka 2011 wanafunzi wa biolojia waliingia ndani ya mti mkubwa wenye uwazi uliojaa popo kwenye msitu wa Uganda, na zaidi ya mmoja akarudi kwao na mapafu yaliyojaa madoa. Picha ya eksirei inafanana na TB iliyosambaa, na hapo ndipo watu wanaanzishiwa dawa za miezi sita. Mtu mzima wa afya kwa kawaida hupona mwenyewe. Homa ikiendelea, pumzi ikikata au uzito ukishuka, anahitaji dawa.

Afrika ina pia aina yake ya *Histoplasma*, aitwaye *duboisii*, anayependa ngozi, matezi na mifupa kuliko mapafu, na anaonekana zaidi Afrika Magharibi na Kongo.

Si ninunue flukonazoli tu? Ni rahisi.

Flukonazoli ina kazi yake, ikiwemo kwenye *Cryptococcus*, lakini hata huko si kidonge kimoja cha wiki: mgonjwa huanza na amfoterisini B, dawa kali ya fangasi, kwa mshipa, na nyingine iitwayo flusitosini ikipatikana. Kwa mguu wa Madura haifai kitu. Griseofulvini ya mapunye ndiyo kabisa, haifiki huko. Kwa *Basidiobolus* na kwa *Histoplasma* asiye mkali, dawa inayotumika sana ni itrakonazoli, kwa miezi. Dawa ya kale ya *Basidiobolus*, potasiamu ayodaidi, bado inatibu pia, na ni rahisi, ila ina ladha ya chuma na mtoto ataitema; wazazi huichanganya na maziwa au juisi.

Itrakonazoli ya kapsuli inywe na chakula. Inahitaji asidi ya tumbo, kwa hiyo soda inaisaidia na dawa za vidonda vya tumbo zinaiharibu. Rifampisini ya TB inaifuta kwenye damu karibu yote: nimesikia mara nyingi "dawa ya fangasi imegoma", kumbe mgonjwa alikuwa kwenye dawa za TB alizoanzishiwa kwa kubahatisha na hakuna aliyezisimamisha. Amfoterisini inagusa figo na kushusha potasiamu, ndiyo maana damu inachukuliwa kila mara. Si kwamba wanaiuza.

Na dawa za kusafisha fangasi kwenye damu zinazotangazwa mtandaoni?

Hapana. Fangasi akiwa kweli kwenye damu uko wodini, husomi matangazo.

Ninaweza kumwambukiza mume wangu au watoto?

Hawa niliowaeleza hawapiti kutoka mtu kwenda mtu. Laleni kitanda kimoja, leni sahani moja. Huko Brazil kuna *Sporothrix* anayepita kutoka kwa paka kwenda kwa binadamu kwa makucha, lakini hiyo ni habari ya huko.

Nilisikia Marekani watu walipata fangasi kwenye uti wa mgongo kwa sindano. Ni kweli?

Ni kweli. Mwaka 2012 sindano za steroidi za maumivu ya mgongo zilizotengenezwa kwenye mazingira machafu ziliwaugonjesha watu zaidi ya 750 na kuua zaidi ya 60. Walikuwa watu waliokwenda kutibiwa mgongo tu. Mwaka mmoja kabla, baada ya kimbunga cha Joplin, Missouri, majeruhi 13 waliota ukungu ndani ya vidonda vyao na watano wakafa. Kidonda cha ajali chenye udongo kinachozidi kuwa cheusi siku baada ya siku, licha ya antibayotiki, kinataka kusafishwa upya na kipande kipelekwe maabara.

Mtoto wetu alipona. Tupime kinga yake?

VVU na sukari, lazima. Zaidi ya hapo inategemea. Kama fangasi wa kawaida wa ngozi amezama ndani hadi kwenye matezi, au kama ndugu wawili tumbo moja wameugua, au wazazi ni binamu, kuna kasoro za kuzaliwa zinazofaa kutafutwa. Moja, ya jeni iitwayo CARD9, iligunduliwa mwaka 2009 kwenye familia ya Iran, na baadaye ikaeleza kwa nini baadhi ya watu wa Algeria na Tunisia waliuawa na fangasi ambaye kwa wengine ni mapunye tu. Walikuwa wakiitwa watu wenye afya njema hadi siku hiyo. Kwa mtoto mmoja aliyepata uvimbe mmoja pajani na kupona, sioni haja ya kumsumbua.

Niwaue mijusi kafiri wa nyumbani?

Waache. Wanakula mbu. Futa kinyesi chao mezani kwa kitambaa cha maji na sabuni, mvalishe mtoto suruali anapocheza kwenye majani yaliyooza, na ukiona kinundu kigumu kinachotanuka, usikipake kitu.